Oili ya Barabara ya Turaif

Jumapili, 5 Januari 2025

Ukungu umelala juu ya Murabba, mtaa wetu, tangu alfajiri. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai, sioni hata duka la mikate la ng'ambo ya barabara. Harufu ya mkate tu. Kwa muda nikajidanganya niko nyumbani Timboroa — kwamba nikingoja kidogo, Mama atatokea kwenye ule weupe na ndoo ya maziwa, koti la Baba mabegani.

Hakutokea mtu. Lilitokea basi la kazini.

Ofisini kuna habari. Bosi wetu, Abu Rakan, amepata kazi ya kupeleka shayiri ya kondoo kaskazini, Turaif, kule karibu na mpaka wa Jordan. Wafugaji hawana malisho msimu huu. Malori yatatoka Jeddah, yapitie hapa Riyadh kupakia, halafu yapande. Sasa malori yenyewe ni ya Jeddah kabisa. Maisha yao yote ni joto la bandari. Tumboni yana oili nzito ya joto, ile tunayoiita ishirini-hamsini. Na Turaif wiki hizi maji yanaganda kwenye ndoo.

Bosi aliniita akaniuliza tuweke oili gani. Hakuniuliza kama anayenipima. Aliuliza kama mtu ambaye hajui na anataka kujua. Mimi ndiye mhandisi wa matengenezo, mwanamke peke yangu kwenye jengo zima linalonuka dizeli, na hii ni mara ya kwanza swali kunijia moja kwa moja bila kupitia kwa mwanamume fulani. Nikasema atapata jibu wiki hii.

Nimerudi nyumbani na bado natembea ndani ya ule ukungu.

Jumanne, 7 Januari

Shirleen amekasirika. Ana haki. Tunaishi pamoja, yeye ni nesi, amerudi kutoka zamu akafungua friza kutoa samaki — akakuta chupa mbili za oili ya injini zimelala katikati ya tilapia wake.

Nikamweleza. Moja ni ile nzito ya Jeddah. Nyingine ni nyepesi, tano-arobaini. Namba ya kwanza inakuambia oili itakuwaje asubuhi ya baridi. Ya pili inakuambia itakuwaje injini ikishachemka. Shirleen akasema hata yeye ana namba mbili, ya kabla ya chai na ya baada ya chai, na mimi sasa hivi naongea na ile ya kabla.

Baadaye akakaa kwenye stuli akatazama pamoja nami. Nikageuza chupa mbili juu ya bakuli. Ile nyepesi ilishuka kama maji ya mchele. Ile nzito ilitoa kichwa kwanza, ikafikiri, ikarefuka polepole kama asali ya msituni. Ilikuwa nzuri kuitazama. Nilisahau kabisa kwamba napima kitu.

Mawazo yalikuwa yamenirudisha kwenye lori la viazi la Baba. Asubuhi za Julai, barafu nyembamba juu ya majani ya kabichi, Baba anasukuma jiko la makaa chini ya injini ili oili ilainike kabla hajawasha. Sisi watoto tunaambiwa tukae mbali. Na yeye amechuchumaa pale anaongea na lile lori kwa sauti ya chini, sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwetu.

Shirleen akauliza kama nimemaliza, maana friza iko wazi.

Alhamisi, 9 Januari

Nilienda kwa bosi nimejiandaa kupigania oili nyepesi. Hakukuwa na vita. Alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia kahawa, kisha akanisimulia.

Ujanani aliendesha mwenyewe. Agosti ya mwaka mmoja alikuwa akipanda mlima kutoka Jeddah kwenda Taif na mzigo wa saruji, akiwa amewekewa oili nyepesi na mtu aliyesema ni ya kisasa. Injini ilikuwa imechakaa. Joto likaifanya oili kuwa kama maji, injini ikaanza kugonga ndani, na kwenye kona fulani ikakwama. Lori lilirudi nyuma. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa binamu yake. Alizungusha kikombe kidogo kidoleni.

Sasa shida yenyewe. Muuzaji ana oili nyepesi ya kutosha lori moja tu. Nyingine inakuja mwisho wa mwezi. Na safari ya kwanza ni ya malori mawili. Moja ni jipya kidogo, la Lukas. La pili ni lile jeupe la zamani ambalo madereva wanaliita Ajuza — neno ambalo Waarabu na sisi tunalielewa sawasawa. Dereva wake anaitwa Gilbert. Simjui.

Bosi anaona lori jipya lipewe oili nyepesi, Ajuza abaki na nzito yake, kwa sababu Ajuza anakunywa oili, na nyepesi ataimaliza njiani. Mimi naona kinyume. Lori jipya lina nguvu, litazungusha hata oili nzito. Ajuza amechoka, betri zake zimechoka, asubuhi ya baridi ataamka tu kama oili inateleza.

Sote wawili tuna sababu. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Mwishowe akasema, akiniita mhandisi kwa Kiarabu, "Nenda Jeddah uyaone, ya muhandisa. Utakalosema, nitalifuata."

Jumamosi, 11 Januari

Jeddah! Nimeshuka kwenye ndege nikavua sweta hapo hapo. Hewa ina unyevu, inakushika kama mtu aliyekumisi. Huko Riyadh nimekunja mabega tangu Novemba bila kujua, leo yamefunguka yenyewe.

Yadi iko upande wa kusini, baada ya mtaa wa Karantina. Wanaume wamevaa fulana, wananicheka nikiwaambia habari za baridi. Lukas, kijana mkubwa wa Kitale, mcheshi, ananiita dada mhandisi. Amesema baridi ni mawazo tu.

Gilbert hakucheka. Ni mtu wa Port Victoria, kule ziwani, amekaribia miaka arobaini, mtulivu, ana mvi chache upande mmoja tu wa kichwa kana kwamba ndio upande anaotumia kufikiri. Alinizungusha Ajuza bila kujisifu wala kulitetea gari. Hapa anavuja. Hapa anatoa moshi. Hapa sijui ni nini. Niliwasha, nikasikiliza, nikapima betri. Hali yake ndiyo niliyoitarajia, hata mbaya kidogo.

Jioni tulikula sisi watatu mtaa wa Sharafiya, wali na kuku wa kuchoma. Gilbert akaniuliza barafu ya asubuhi ikoje, maana hajawahi kuiona. Nikamwambia. Kwamba haianguki kama mvua, unaamka tu unaikuta. Kwamba nyasi zinavunjika chini ya kiatu. Kwamba jua likitoka dunia yote inameta, kisha inalia, kisha inakuwa ya kawaida. Niliongea muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lukas alikuwa kwenye simu yake. Gilbert aliacha kula.

Jumapili, 12 Januari

Nimeamua. Ajuza amepewa ile nyepesi. Lori la Lukas linabaki na nzito.

Kabla makanika hajafungua pipa, Gilbert alikuja nilipokuwa nimesimama kivulini. Akaniuliza, "Madam, kama ni wewe unaendesha Ajuza kwenda huko, ungeweka gani?"

"Ningeweka nyepesi. Na ningeangalia oili kila nikisimama."

"Basi niwekee hiyo."

Hivyo tu. Akaenda akafungua kifuniko mwenyewe. Nilitazama ile oili ikiingia, rangi ya chai ya rangi ikipigwa na jua, na nikawaza jinsi kitu kinachong'aa namna hii kitaenda kuishi gizani, na kwamba mtu atalala ndani ya lile lori kwenye baridi kwa sababu ya neno langu. Si neno la bosi. Langu.

Chini ya kiti ameweka galani la ile oili nzito ya zamani. Nikamwambia hatalihitaji. Akasema ni mazoea tu.

Jumatano, 15 Januari

Wamepitia Riyadh, wamepakia, wameondoka. Magunia ya shayiri hadi juu, turubai jekundu. Nahashon, makanika wetu wa hapa, alijaza matanki dizeli. Nikampa Gilbert skafu ya sufu na kofia, nikampa Lukas vilevile ili isionekane kitu.

Isionekane nini? Sijui kwa nini nimeandika hivyo.

Ukungu haupo leo. Anga safi kabisa, ya buluu kali. Nahashon anasema anga ikiwa hivi, usiku wa huko juu hauna blanketi.

Ijumaa, 17 Januari

Nitaandika kwa mpangilio la sivyo sitalala.

Siku ya mapumziko. Jua lilikuwa ndio linatoka, mimi bado kitandani, nusu usingizi, naota niko ndani ya chupa ya oili na dunia yote ni ya dhahabu na haina haraka. Simu ikalia. Gilbert.

Walikuwa wamelala kando ya barabara baada ya Arar, kabla ya kufika Turaif. Upepo mkali. Asubuhi Ajuza akaamka mara moja, kwa mguso wa kwanza. Nilisikia furaha ikinipanda. Kisha akasema lori la Lukas limekataa. Lilinguruma kwa uzito, likashika, likaenda kidogo, likafa. Lukas akajaribu tena na tena hadi betri ikaisha.

Nilijua kabla hajamaliza kueleza. Haikuwa oili peke yake. Ni dizeli! Dizeli ya huku kwetu, kwenye baridi ile, inaanza kufanya nta. Nta inaziba filta. Ajuza alipona kwa sababu ni mlafi — Gilbert alilazimika kuongeza mafuta Arar, na Arar wanauza dizeli ya baridi. Lukas bado alikuwa na dizeli ya Riyadh ya kutosha tankini, hakuhitaji kusimama. Mimi, wiki mbili nimetazama oili ikimiminika kwenye bakuli, nimeota, nimeandika mambo ya asali, na sikuwaza dizeli hata mara moja.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Lukas alikuwa ameingia chini ya lori kufungua filta kwa mikono mitupu, na dizeli ikammwagikia kifuani na mikononi. Kwenye upepo ule. Gilbert akasema, kwa sauti ile ile ya utulivu lakini polepole zaidi, kwamba Lukas ameacha kutetemeka na anasema anataka kulala.

Nikapiga kelele. Shirleen alikuja na kanga tu, akaninyang'anya simu, akawa mtu mwingine, akitoa amri. Hakuwa Shirleen wa samaki. Mtoe nguo zote zilizolowa. Mfute. Mfunge blanketi, kofia, kila kitu mlicho nacho. Usimsugue mikono. Chai ya sukari kama anaweza kumeza, kidogo kidogo. Muongeleshe, asilale. Muweke kwenye gari lenye joto.

Gari lenye joto ni Ajuza. Hita yake inafanya kazi tu injini ikiwa inazunguka.

Hapo simu ikarudi kwangu. Gilbert akasema Lukas yuko ndani, amefungwa, anaongea maneno ya ovyo lakini anaongea. Halafu: taa ya oili imewaka.

Ajuza alikuwa ameinywa yote njiani. Kama bosi alivyosema. Gilbert alikuwa anaangalia kila akisimama kama nilivyomwambia, na jana usiku ilikuwa bado kwenye alama, lakini alikuwa ameacha injini iende kwa muda mrefu ili wapate joto kabla ya kulala.

Injini ikiendelea bila oili, itakwama, na hita ndiyo basi. Injini ikizimwa, hita ndiyo basi pia. Na barabara haikuwa na gari hata moja.

Lile galani la oili nzito. Lilikuwa chini ya kiti, limeganda kama uji wa jana. Nikamwambia aliweke miguuni mwa Lukas, mbele ya tundu la hita, alitikise kila mara. Nikawa nasikiliza. Upepo. Lukas akimwita mtu anayeitwa Selipher. Ajuza akikohoa. Nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye friza, na niliweza kuliona lile galani likilainika kana kwamba liko mikononi mwangu.

Gilbert akasema sasa inacheza ndani. Sasa imeanza kusikika.

Kuimimina na injini inazunguka, kwenye upepo ule, nusu ingemwagika, na hakuwa na ya kumwaga. Ilibidi azime. Na akizima — je, Ajuza ataamka tena, na oili yake sasa ni mchanganyiko? Injini ni ya moto, nikajiambia. Kilichobaki ndani bado ni chepesi. Ataamka. Lakini sikuwa na hakika. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: sikuwa na hakika.

Nikasema, "Zima."

Hakuuliza. Nikasikia ile injini ikinyamaza, na ukimya uliokuja kwenye simu sijawahi kuusikia maishani. Shirleen alinishika bega. Tulisikia mlango, hatua, chuma kugusa chuma, kisha kitambo kirefu cha upepo tu. Mlango tena. Pumzi yake.

"Nimemimina yote."

"Washa."

Ajuza akazunguka mara moja, akasita, akazunguka — akaamka.

Nililia pale sakafuni kama mtoto. Gilbert akasema taa imezima.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Nilimpigia Abu Rakan, alikuwa anajiandaa kwa sala ya Ijumaa. Hakuniuliza nani mwenye makosa. Ana rafiki mfugaji huko, yeye ndiye aliyeagiza sehemu ya shayiri. Mzee yule alitoka na pikapu na wanawe, wakawakuta. Lukas amepelekwa hospitali Turaif. Yuko sawa. Ncha za vidole zina shida kidogo, lakini daktari anasema zitapona. Walimwagia filta maji ya moto kwenye lile lori jingine, wakaliazima betri, likaamka likitoa moshi mweupe.

Jioni bosi akanipigia. Nikamwambia lile la dizeli nilikosea, sikulifikiria. Akasema hata yeye hakulifikiria, na yeye ameiendesha barabara ile. Kisha akasema oili nyepesi ndiyo iliyomwamsha Ajuza, na nzito ndiyo iliyomweka hai. Akasema nilale.

Siwezi kulala.

Jumamosi, 18 Januari

Gilbert ametuma picha. Nyasi fupi za jangwani, kila moja imevaa weupe, jua liko chini nyuma yake. Hakuandika kitu. Niliitazama safari nzima ya basi hadi nikapitishwa kituo changu.

Jumanne, 21 Januari

Wamerudi. Ajuza ameingia getini mchana akiwa amefunikwa vumbi la rangi ya maziwa. Lukas amepanda ndege kwenda Jeddah kupumzika, lori lake limeletwa na dereva mwingine.

Nahashon alifungua oili ya Ajuza. Tulisimama kuitazama ikitoka, mimi, yeye na Gilbert. Nyeusi, nyepesi upande mmoja na nzito upande mwingine, bado haijakubaliana. Nahashon alizamisha kidole akasugua. Hakuna chembe za chuma. Ajuza ni mzima. Amechoka kuliko alivyokuwa, lakini mzima.

Gilbert ana skafu yangu bado shingoni. Hapa Riyadh hakuna baridi ya kuhitaji skafu mchana.

Tulikunywa chai kwenye kibanda cha walinzi. Akanieleza kwamba alipozima injini siku ile, aliona mikono yake inafanya kitu ambacho kichwa chake hakijaamua. Akasema kwao ziwani ukimwamini mtu kwenye maji, huwa hakuna muda wa kumwuliza anajuaje. Nilitaka kumwambia kwamba sikujua. Nikamwambia. Nikasema nilibahatisha nusu.

Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema hata hiyo nusu nyingine aliisikia kwenye sauti yangu, na alizima hivyo hivyo.

Nimerudi ofisini nikakaa mbele ya kompyuta. Sijui nilifanya kazi gani.

Jumatano, 22 Januari

Bosi ameniita. Shayiri itaendelea hadi Machi. Oili nyepesi nyingine imefika, mapipa ya kutosha, na sasa tutanunua dizeli ya baridi njiani. Anataka lori moja kati ya yale mawili likae Riyadh kwa safari za kaskazini, jingine lirudi Jeddah kwa kazi ya bandari. Akaniuliza kuhusu Ajuza. Abaki hapa na oili nyepesi, au arudi Jeddah na nzito yake? Na dereva anakwenda na gari lake, hiyo ndiyo kawaida.

Akasema mimi ndiye ninayejua.

Nikamwambia atapata jibu kesho. Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida. Ana mabinti wanne. Sidhani kuna kinachompita.

Mama alipiga jioni. Anasema kabichi zimechomwa na baridi lakini viazi viko sawa. Akauliza mbona nimenyamaza. Nikamwuliza Baba alikuwa akimwambia nini lile lori. Akacheka hadi akakohoa. Akasema hakuwahi kusikia vizuri, alikuwa akitazama kutoka dirishani tu, lakini kila asubuhi alikuwa akitamani awe yeye lile lori.

Mama yangu! Miaka yote hii.

Alhamisi, 23 Januari

Naandika ofisini, bosi ameenda kuswali. Sijawahi kuandika hapa.

Asubuhi nilimtafuta Gilbert nikamweleza wazi. Kwamba swali liko kwangu. Kwamba akibaki atapanda Turaif tena, mara nyingi, kwenye baridi ile. Kwamba Jeddah ni joto, ana kanisa lake la nyumbani na watu wake, na Ajuza huko atadumu. Niliongea kama ninayesoma taarifa. Nikamwuliza yeye anataka nini.

Alifikiri, akipangusa usukani ambao haukuwa na vumbi. Kisha akasema, "Kule barabarani uliniambia zima, nikazima. Ukiniambia Jeddah kama mhandisi, nitaenda Jeddah. Lakini kwanza niambie kama Chebet."

Hajawahi kuniita hivyo. Sikujua hata kama analijua jina langu. Nikasema nina mkutano. Sikuwa na mkutano.

Sasa nimekaa hapa na hesabu yote iko wazi. Injini ile imechakaa. Oili nyepesi itainywa kila safari, na siku moja haitakuwa na galani chini ya kiti. Oili ya Ajuza ni ile nzito na njia yake ni ya Jeddah. Bosi alikuwa sahihi tangu mwanzo na nikimwambia hivyo nitakuwa nimesema kweli tupu. Nimejaribu kutafuta hesabu nyingine. Oili ya katikati, kumi na tano-arobaini, na kuangalia kila kituo. Kubadilisha sili za injini zinazovuja. Kumpa Gilbert lile lori la Lukas, na kawaida ivunjike kidogo. Kila njia ninayoipata inafika hapa Riyadh, na hilo ndilo linalonifanya nisiiamini.

Nahashon yuko chini. Amesukuma mapipa mawili, la oili nyepesi na la nzito, hadi kando ya Ajuza, moja kila upande, kifuniko cha oili kiko wazi na funeli imeshawekwa. Anapaza sauti kuelekea dirishani: madam, Ajuza ni wa wapi, aweke ipi?

Gilbert amekaa kwenye ngazi ya lori. Hatazami juu. Anapitisha pindo la skafu kati ya vidole.

Nimefungua dirisha, nikasema nakuja.

Anayeshuka akiwa mhandisi, atasema Jeddah. Lakini mhandisi hana haja ya kufungua mkoba kutafuta kioo, Chebet ndiye mwenye haja, na mimi nimeumwaga wote mezani, kalamu, kitambulisho cha ukaazi, chaja, pipi za Shirleen. Kioo hakimo. Nimejitazama kwenye kioo cha dirisha, nimefunga mtandio upya, nikaufungua, nikaufunga tena.

Nahashon anaita mara ya pili.